Kiti cha Pembeni

Walimleta saa nane na robo usiku,
Ondimu, muuza vipuri wa Grogan,
kiatu kimoja, soksi mbili,
mifuko imepinduliwa nje kama masikio ya sungura.
Askari aliyemtoa kwenye ngazi za baa
alisema neno moja tu: mchele.
Hakuna aliyeuliza kama ni pishori.

Pumzi nane kwa dakika. Nazihesabu.
Namfinya ukucha; anakunja uso,
kisha anarudi alikokuwa.

Chiromo, Mwalimu Kithome alituchorea kufuli na ufunguo
kwa chaki ya bluu. Nilinakili, nikapasi.
Leo ningeufuta ule ubao.

Dawa hii haifungui kitu.
Kwenye ngozi ya neva kuna vijilango,
kila kimoja mbao tano zilizosimama duara,
na mbishaji ni mwenyeji, tuliyezaliwa naye,
GABA, mjumbe wa kutuliza.
Akibisha, lango linaachia kidogo,
chembe za chumvi zinapenya,
neva inapoa, inaacha kupayuka.
Ndivyo unavyosinzia bila kidonge.
Ndivyo ugomvi wa saa nne usiku
unavyoamka asubuhi ukiwa aibu.

Mgeni hafiki kizingitini.
Ana kiti chake pembeni, katikati ya mbao mbili,
kiti ambacho Kithome hakuwahi kuniambia
kilichongewa nani.
Anaketi. Anaegemeza bega.
Na mwenyeji akibisha sasa
lango linafunguka tena na tena na tena.
Ni hilo tu. Mgeni hakuambii lala;
anaipaza sauti yako mwenyewe inayokubembeleza.

Ila pombe nayo ina kiti chake.
Wawili wakiegemea lango moja
chumvi inamiminika,
na kule chini, ubongo unapoingia shingoni,
wako walinzi wa pumzi
ambao hawakuandikiwa likizo.

Pumzi saba.
Nainua taya lake, nafungua oksijeni.

Mama alikuwa na nusu kidonge cheupe
tangu kibanda chake cha Gikomba kiungue.
Nusu ikawa kimoja,
kimoja kikawa viwili na redio hadi alfajiri.
Neva si mjinga: akiona malango yanaachia ovyo
huanza kuyang'oa, moja moja, kimyakimya,
mpaka mgeni anaketi na hakuna cha kuegemea.
Siku Mama alipoviacha ghafla
Kariobangi nzima ilimsikia.
Mikono ikicheza, kanga imelowa jasho,
ukuta, alisema, unatembea.
Mchungaji alikuja na mafuta.
Mimi nikamwambia, Mama, si imani iliyopungua,
ni malango.
Akanitazama kama mtu anayedaiwa.
"Basi niitie seremala."

Seremala alikuja kwa miezi saba:
robo ya kidonge, kisha robo ya robo,
wembe na sahani ya chai.

Kabatini kuna chupa moja ndogo
ya dawa inayokuja kukalia kile kiti na kunyamaza.
Haiegemei. Haisukumi.
Inamnyima mgeni nafasi, basi.
Mkono wangu umeugusa mlango wa kabati mara mbili.
Lakini sijui Ondimu amemeza nini tena,
wala amevimeza kwa miaka mingapi,
na anayevutwa usingizini kwa nguvu
huweza kufika na degedege.
Nafunga kabati. Navuta stuli.
Taya, oksijeni, saa ya ukutani.

Tisa.
Muuguzi Chepkorir ananiletea chai, inapoa.
Kumi.
Huko nje mtu anafagia Ngong Road kabla ya magari.
Kumi na mbili.

Anafungua jicho moja, la kushoto.
Anauliza kiatu.
Anauliza leo ni siku gani.
Alhamisi, namwambia.
Anaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama mtu aliyepewa risiti.
Anatazama dari.
Anauliza leo ni siku gani.